Kielezi Kinachodai Kila Mtu Anajua

Hotuba kwa waandishi vijana, waongoza watalii na wanafunzi wa kidato cha nne, ndani ya ngome ya Lamu

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheikh wetu, wazee wa mitaa, mama zetu mliokaa huko nyuma, walimu wenzangu, na nyinyi vijana ambao hasa ndio niliowajia: ahsanteni kwa kuniita. Nimeombwa nizungumze juu ya Kiingereza cha kazi, kile mnachokiandika katika taarifa za habari, katika maelezo mnayowapa wageni mkizunguka nao mitaani, na katika insha za mtihani. Muda ni mfupi na somo ni refu, kwa hiyo nimechagua neno moja. Ni kielezi: “notoriously”. Pembeni yake nitamgusa ndugu yake, “infamously”. Nimelichagua kwa sababu kwa miaka niliyofundisha nimeliona likitumiwa ovyo, na nimewaona watu walioumia.

Tuanze na maana. Ukiliweka neno hili mbele ya sifa yoyote, umesema mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, kwamba jambo unalolitaja ni baya. La pili, kwamba ubaya huo umekwisha kujulikana na watu wote. Wanafunzi wengi huliona la kwanza peke yake: neno la kulaumu, basi. La pili hupita bila kuonekana, na mimi naamini hilo la pili ndilo zito.

Nitawaeleza kwa nini. Mtu akija barazani akasema, “Fulani si mwaminifu,” kuna maswali yatakayomrudia papo hapo. Kafanya nini? Lini? Nani alimwona? Wazee wetu hawamwachii mtu tuhuma ikaelea. Lakini akisema kwa Kiingereza kwamba fulani ni “notoriously dishonest”, amekwisha kujibu kabla ya kuulizwa. Kila mtu anajua. Ushahidi umegeuzwa kuwa umati, na umati hauitwi kizimbani. Tena anayethubutu kuuliza, “Kina nani hao wanaojua?” huonekana yeye ndiye mgeni wa mji. Kielezi kimoja, silabi tano, kimemwondolea msemaji mzigo wa kuthibitisha na kumtwisha msikilizaji aibu ya kutojua.

Asili ya neno hili ni Kilatini, kwenye kitenzi chenye maana ya kujua. “Notisi” tunayoizungumza kila siku, ile karatasi inayobandikwa mlangoni mwa ofisi ya chifu, imetoka kwenye mzizi huohuo. Katika Kiingereza cha karne ya 16, jambo likiitwa “notorious” iliweza kuwa na maana ya kujulikana hadharani tu, pasipo ubaya wowote. Lakini neno lilikuwa likiwekwa mara kwa mara mbele ya mwizi, mbele ya mzinzi, mbele ya mwasi, mpaka katika karne ya 17 ubaya wa waliofuatana nalo ukawa umeliingia. Shakespeare, mwanzoni mwa karne hiyo, ana mhusika aitwaye Malvolio, msimamizi wa nyumba aliyefanyiwa mzaha wa kikatili akafungiwa gizani kama mwendawazimu. Huyo analalamika kwamba hajapata kutokea mtu aliyetendwa vibaya “so notoriously”. Hapo kielezi kimebeba lawama, na lawama inawaangukia waliotenda, siyo yeye aliyetendwa. Likumbukeni hilo, maana siku hizi mara nyingi huwa kinyume.

Na sasa nawaomba mnisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu jambo hili mimi hulirudia moyoni kila mara. Sisi tuliokaa chuoni, yaani madrasa, tukiwa wadogo tunajua “maarufu” limetoka Kiarabu: kilichojulikana. Maana yake ya asili ni ileile ya neno la Kilatini. Lakini tazameni lilikokwenda. Tunaambiwa tuamrishane mema na tukatazane maovu, na mema hayo kwa Kiarabu yanaitwa maaruf, yanayojulikana, na maovu yanaitwa munkar, yasiyotambuliwa, yaliyokataliwa. Yaani lugha ile ilichukua kujulikana ikakufanya kuwa wema wenyewe, jambo ambalo watu wakiliona hulitambua wala hawalionei haya. Kiingereza kikachukua kujulikana kulekule kikakuvalisha fedheha. Safari zimeanza bandari moja zikaishia kusi na kaskazi.

Ndiyo maana mwanafunzi wa Lamu akiandika kwenye insha kwamba mji wetu ni “notorious” kwa mashairi na nakshi za milango, mimi simwiti mjinga. Amefuata maarufu yake, akadhani kila anayejulikana sana anastahili neno hilo. Namsahihisha: kwa mazuri na kwa yasiyo na lawama andika “famous” au “famously”, na kwa mabaya tu ndipo “notorious” au “notoriously”. Msahihishaji wa mtihani hatakupa nafasi ya kujieleza.

Kwa Kiswahili hatuna neno moja linalolingana nalo sawasawa. Tunasema mwizi aliyekubuhu. Tunasema mhalifu sugu, na sugu mnaijua, ni ile ngozi iliyokufa ganzi kwenye kiganja cha mvuta kamba. Maneno haya yanamtazama mtenda: ametenda muda mrefu, tabia imekomaa ndani yake. Hayasemi lolote kuhusu umati. Ukisema fulani amekubuhu, bado unaweza kuulizwa amefanya mara ngapi, na itakubidi uhesabu.

Lakini tusijitakase upesi. Tunayo yetu, na tunaisema kila siku. “Aa, anajulikana huyo.” Kitenzi cha kawaida kabisa, kujulikana, hakina kosa kamusini. Kiweke barazani, kishushe sauti kidogo, ongeza “huyo” mwishoni, na mtu amekwisha. Tunayo na methali ya kuilinda: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi nimeishi na methali hii umri wangu wote, na leo nasema mbele yenu kwamba siikubali. Yapo mengi yaliyosemwa katika mji huu ambayo hayakuwapo na hayakuja. Yaliyokuja ni machozi ya watu tu.

Mnajua posa inavyokwenda. Familia imepokea ujumbe, kijana anaonekana mwema, kazi anayo, swala haimpiti. Wazee wanatuma mtu aulize pole pole, kwa heshima: watu hawa ni watu gani? Mtu huyo anafika mahali, anapewa kahawa, anauliza. Mwenyeji wake anatikisa kichwa, anasema, “Wale wanajulikana,” kisha anageuza mazungumzo kwenye bei ya samaki. Hakusema wanajulikana kwa nini. Hakutaja mwaka wala tukio. Aliyetumwa anarudi, ujumbe unafikishwa kama ulivyo, na posa inarudishwa kwa maneno matamu. Yule kijana hatajua maisha yake yote alishtakiwa kwa kosa gani. Hata yule aliyesema, ukimbana leo, huenda akakwambia alikuwa akimkusudia babu wa kijana, ambaye aliwahi kugombana na babu yake kwa ajili ya mpaka wa shamba la minazi.

Chuoni tulifundishwa kutofautisha ghiba na buhtani. Ukimtaja nduguyo nyuma yake kwa jambo analolichukia, na jambo hilo analo kweli, hiyo ni ghiba. Ukimtaja kwa asilokuwa nalo, hiyo ni buhtani, na ni zito zaidi. Kwa hiyo hata ukweli una adabu zake. Kielezi cha Kiingereza hakikuulizi umo upande gani. Kinakupa ujasiri uleule uwe na hakika au usiwe nayo.

Nirudi kwenye matumizi, maana hapa wapo wenye mtihani wa KCSE mbele yao.

Waingereza wenyewe leo hulitumia neno hili zaidi kwa vitu na mambo kuliko kwa watu, nalo hukaa mbele ya kivumishi. Utalikuta pamoja na maneno ya ugumu, ya kutotegemeka, ya kutotabirika. “Notoriously difficult” ni jozi mtakayokutana nayo kila mahali: tatizo la hesabu, lugha yenye sarufi ngumu, mlima wa kupanda. “Notoriously unreliable” nayo pia. Hapo neno linafanya kazi halali. Linasema, usidhani ni wewe peke yako unayehangaika, waliokutangulia wamehangaika pia.

“Infamously” lina mkondo mwingine. Mara nyingi hufuata tendo moja lililoacha doa, siyo tabia. Rais Nixon wa Marekani, mwezi Novemba 1973, wakati kashfa ya Watergate imepamba moto, alisimama mbele ya wahariri wa magazeti akasema kwamba yeye si mhalifu. Mwaka uliofuata akajiuzulu. Waandishi wa Kiingereza wakitaja kauli ile hutumia “infamously”, kwa kuwa ni kauli moja, siku moja, inayoweza kutajwa tarehe. Kwa tabia iliyoendelea miaka hutumia “notoriously”. Mpaka huu si ukuta, wapo wanaouvuka, lakini ukiushika hutakosea sana.

Na nyuma ya “infamously” kuna kitu kizito kuliko wengi wanavyodhani. Roma ya kale, infamia ilikuwa hali ya kisheria. Aliyetiwa alama hiyo, na miongoni mwao walikuwamo waigizaji na wapiganaji wa viwanjani, alipoteza haki ambazo raia wengine walikuwa nazo, kama vile kushika vyeo vya umma na kumsimamia mwenzake mahakamani. Jina baya lilikuwa adhabu, na adhabu iliandikwa. Rais Roosevelt naye, Japani ilipoishambulia Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941, aliandaa hotuba ambayo rasimu yake ilisema tarehe hiyo itaishi katika historia ya dunia. Akachukua kalamu, akakata “world history”, akaandika “infamy”, fedheha. Badiliko hilo dogo ndilo lililoifanya hotuba ikumbukwe mpaka leo. Alijua neno hilo lina uzito gani, na alikuwa na tarehe, mahali na aliyetenda.

Ngome hii tuliyokaa ndani yake, iliyoanza kujengwa mwaka 1813 na kumalizika 1821, baadaye ilifanywa gereza, ikabaki gereza mpaka mwaka 1984. Watu walifungwa humu na watu walitoka. Hukumu ya mahakama ilikuwa na siku ya kuanza na siku ya kumalizika, na mfungwa aliweza kuzihesabu kwa vidole. Sifa mbaya haina askari wa kufungua mlango. Waliotoka humu wakarudi mitaani wakaitwa “mfungwa” mpaka wanazikwa, wanajua ninachokisema, na watoto wao wanajua zaidi.

Nije kwenye jambo lililonisukuma hasa nizungumze leo. Nchi yetu imelipenda neno hili shuleni. “Notorious noisemaker”, mpiga kelele. “Notorious latecomer”, mchelewaji. Kiranja anaandika majina ubaoni, mwalimu wa zamu anayahamishia kwenye daftari, daftari linapelekwa kwa naibu, na mwisho wa muhula sentensi inaingia kwenye ripoti inayokwenda nyumbani na kuhifadhiwa kwenye faili. Niliwahi kuona ripoti ya msichana mmoja, sitataja shule. Alikuwa akikaa Manda, upande wa Maweni, akivuka kila asubuhi kwa mashua. Mwalimu wake wa darasa alikuwa ameandika kwa wino mwekundu, kwa mwandiko mzuri sana, kwamba mtoto huyu ni “notoriously late”. Nikachukua rejista nikatazama siku zenyewe. Zote zilikuwa siku ambazo maji yamepwa alfajiri, vyombo vimekaa kwenye matope na nahodha anasubiri maji yajae. Alikuwa anachelewa kwa mwezi, kwa mwezi ule wa angani. Siku nyingine zote alikuwa darasani kabla ya kengele.

Mwalimu yule hakusema uongo. Msichana alichelewa kweli. Lakini angeandika, “Amechelewa siku za maji kupwa, azungumze na mzazi wake juu ya usafiri,” angekuwa amesema kweli iliyo kamili, na mtu angeweza kufanya jambo. Kielezi kile kilichukua ratiba ya bahari kikaigeuza kuwa tabia ya mtoto. Mama yake hasomi Kiingereza. Alimwomba jirani amsomee, jirani akamtafsiria kwamba binti yake amejulikana shule nzima kwa ubaya. Mnaweza kufikiria alivyoelewa, kwa mtoto wa kike wa rika lile.

Walimu wenzangu, hilo naliomba kwenu kwa heshima zote. Likae nje ya ripoti za watoto.

Sheria nayo inalitumia neno hili, na hapa waandishi mjihadhari, maana mahakamani maana yake ya kale haijafa. Sheria yetu ya Ushahidi, kifungu cha 60, inaorodhesha mambo ambayo mahakama inayakubali bila kuletewa ushahidi, na miongoni mwake ni mambo yaliyo na “general or local notoriety”. Hapo hakuna ubaya hata chembe. Ni mambo yanayojulikana na watu kwa jumla au na watu wa mahali hapo. Kwamba Lamu ni kisiwa, kwa mfano, hakimu hahitaji shahidi wa kumwambia. Vilevile kwenye kesi za ardhi, mtu anayedai umiliki kwa kukaa shamba la mwenziwe miaka 12 bila ruhusa hutakiwa kuonyesha kwamba alikaa waziwazi, “open and notorious”. Mwandishi anayesoma hukumu ya namna hiyo akaandika kwamba mahakama imemwita mkaaji mtu mwenye sifa mbaya, ameizulia mahakama na amemzulia mkaaji. Katika kaunti yetu, ambako neno ardhi peke yake linatosha kupandisha sauti za watu, kosa hilo ni la hatari.

Upande wa pili wa sheria ni kuvunjia watu heshima. Katiba ya 2010, ibara ya 33, inatupa uhuru wa kusema, na ibara hiyohiyo inatutaka tuheshimu haki na sifa za wengine. Mwezi Februari 2017 Mahakama Kuu ilikifuta kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya kashfa kuwa jinai, kwa hiyo hupelekwi jela kwa kifungu hicho. Mimi nilifurahi, kwa sababu kifungu kile kilikuwa kikitumika kuwanyamazisha wadogo. Lakini kesi ya madai ipo palepale, na fidia zake huweza kuuza nyumba. Na mkifika huko, “kila mtu anajua” si utetezi. Ukweli ni utetezi, na ni juu yako uuthibitishe. Wala huokoki kwa kusema umenukuu wengine: anayerudia kashfa huhesabiwa amekashifu. Wale mnaosukuma picha za watu kwenye magrupu ya WhatsApp, “huyu mwizi, mjihadhari naye, sambaza”, mmo ndani ya maneno haya mkipenda msipende.

Sasa, kuna pengo katika sheria hiyo, na pengo hilo linatuhusu sisi kuliko watu wengi. Mtu mmoja anaweza kushtaki. Kampuni inaweza kushtaki. Mji hauwezi. Ukisema “watu wa mahali fulani ni wezi”, hakuna hata mmoja wao atakayesikilizwa kwa urahisi, kwa sababu kundi ni kubwa na hakuna aliyetajwa. Hivyo maneno mabaya zaidi, yanayowagusa wengi zaidi, ndiyo yasiyo na mahakama.

Mwaka 2011 watalii walishambuliwa na kutekwa, Kiwayu na kisha Manda. Mwezi Juni 2014 Mpeketoni ikashambuliwa na makumi ya watu wakauawa, na vijiji vingine vya bara vikafuata. Haya yalitokea. Watu waliozikwa ni watu wetu, na sitaki mtu yeyote aondoke hapa akidhani nawaomba mfiche. Serikali za nje ziliwaonya raia wao, na siwalaumu kwa kuonya. Ninacholalamikia ni sentensi zilizokuja baadaye na ambazo mpaka leo zinaandikwa, ambamo Lamu nzima hubandikwa kielezi kimoja: mahali ambapo, kama kila mtu ajuavyo, si salama. Kielezi hakina ramani. Hakijui kwamba Mpeketoni iko bara, na kwamba kutoka hapa mpaka Kiwayu ni safari ya siku kwa jahazi lenye upepo mbaya. Hakina kalenda pia. Tukio lina siku yake, lakini neno lile limelichukua tukio likalifanya kuwa tabia ya nchi, kama joto na umande.

Mliokuwa watu wazima wakati ule mnakumbuka. Nyumba za wageni zikafunga milango, manahodha wakaziegesha mashua, amri ya kutotoka usiku ikawakuta wavuvi wanaoishi kwa kuvua usiku. Vijana walioongoza watalii wakabaki wamekaa gatini wakitazama maji. Hofu ile ilikuwa na sababu. Lakini hofu yenye sababu hupungua sababu inapopungua, na hofu iliyofungwa kwenye kielezi haipungui, kwa sababu haikutegemea sababu tangu mwanzo. Wanajua. Wote wanajua. Mji uliowekwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 ukawa unatajwa kwa pumzi moja na maonyo.

Na nyinyi waongoza watalii, nina neno nanyi kwa upole. Nimewasikia mkiwaambia wageni kwamba watu wa kisiwa fulani jirani ni wakaidi, kama ijulikanavyo, na watu wa mtaa fulani ni wezi, kama ijulikanavyo. Mgeni anacheka, anakupa bakhshishi, anaandika kwenye shajara yake. Amekwenda nalo. Tutawezaje kuwadai wengine uangalifu ambao sisi wenyewe hatuwapi jirani zetu wa Pate, wa Faza, wa Siyu?

Msinielewe vibaya mkadhani nataka neno lizikwe. Kwa vitu na kwa bahari litumieni. Chukueni mkondo wowote wa bahari ulio mwembamba na wenye kina kidogo. Asiyeuvizia maji hupwelewa akakaa hapo saa kadhaa juani. Andika kwamba mkondo huo ni “notoriously shallow” na nahodha yeyote wa mji huu atakushuhudilia, tena atakushukuru, kwa sababu mgeni atakayeusoma ataacha kumharakisha. Kusi ikivuma miezi ya katikati ya mwaka, bahari ya nje huchafuka vibaya, liandike. Fomu za serikali ni ngumu kujaza, liandike hata hilo. Bahari haina binti wa kuposwa.

Kwa binadamu na kwa mahali wanapokaa binadamu, nawapa desturi ninayoifuata mwenyewe. Kalamu ikifika kwenye neno hilo, isimamishe, ujiulize kina nani wanaojua, na walijuaje. Ukipata jibu, andika hilo jibu badala ya neno. Badala ya kusema afisa anajulikana kwa rushwa, andika kwamba mahakama ya mahali fulani ilimtia hatiani mwaka fulani kwa kupokea kiasi fulani. Sentensi hiyo ni kali kuliko kielezi chochote, na itakulinda. Usipopata jibu, basi hukuwa na habari. Ulikuwa na uvumi uliovaa suti ya Kiingereza.

Na kama neno limekwisha kukuangukia wewe, au mzazi wako, au mtaa wako, usinyamaze ukingoje lisahaulike. Ibara ya 35 ya Katiba, kifungu kidogo cha pili, inampa kila mtu haki ya kutaka habari isiyo ya kweli au ya kupotosha inayomhusu isahihishwe au ifutwe. Andika barua. Taja sentensi yenyewe, taja ukurasa na tarehe, eleza lililo kweli, ambatisha ushahidi, weka nakala. Msichana wa Maweni tulimwandikia ya kwake pamoja na mama yake, kwa Kiswahili, na karatasi ya nyakati za maji tukaipiga pini nyuma. Ripoti ikaandikwa upya.

Nimeleta kurasa chache zilizochapwa, zenye sentensi kutoka kwenye maelezo ya Lamu ya Kiingereza, nimeondoa majina ya waandishi. Zipitisheni. Kila watu watatu wachukue ukurasa mmoja, walitafute neno letu, kisha waniambie mwandishi alikuwa anamaanisha tukio gani, la lini, na wapi. Mama zetu msiosoma Kiingereza, kaeni na kundi lolote mlitakalo, maana mengi ya matukio hayo nyinyi ndio mliokuwapo.